Vitabu vipya au saa ya hadithi?

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliweka maktaba mikononi mwa kaunti, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mkutubi wa mji mdogo mwenye fedha za jambo moja tu achague lipi?

Vitabu hununuliwa mara moja, stakabadhi zake hukaguliwa kwa urahisi, navyo hudumu miaka. Vikikosa wasomaji, hujaa vumbi rafuni.

Saa ya hadithi ya Jumamosi hudai posho ya msimulizi, mikeka na uji wa watoto, tena kila wiki. Fedha za kaunti zikichelewa, inakatika, na watoto wakishatawanyika ni kazi kubwa kuwarudisha. Hata hivyo ningeanza nayo, kwa vitabu vilivyopo: mtoto aliyezoea kuja ndiye anayeazima. Vipya vinunuliwe robo ya pili, kwa kufuata daftari la kuazima.