Somo la sita lilivyouharibu wimbo wa Baba

Nimekaa na hasira hii miezi kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa. Kwa hiyo naandika, na mnisamehe nikipandisha sauti. Nimelipa hela yangu kujifunza gitaa mtandaoni, nikauziwa wimbo uliotumbuliwa utumbo.

Wimbo ni Ain't No Sunshine wa Bill Withers. Kwetu Morogoro huo haukuwa wimbo wa Kizungu, ulikuwa wimbo wa Baba. Alikuwa kiwanda cha viatu wakati huo. Akirudi jioni anaoga, anakaa barazani kwenye kiti chake, Mama anamletea chai, kaseti inawekwa. Kiingereza cha Baba ni cha kuombea maji, lakini wimbo ule aliujua kuliko sisi tuliosoma.

Wanaoufahamu wanajua kuna mahali katikati Withers anaacha mashairi, anashika maneno mawili tu, "I know", na kuyarudia mfululizo mara 26. Gitaa kimya. Besi kimya. Inabaki ngoma na sauti ya mtu. Hapo Baba alikuwa anaweka kikombe chini na kuhesabu kwa vidole: mikono yote miwili, mara ya pili mikono yote miwili, kisha vidole sita. Sisi watoto tunahesabu naye, anayechanganya anachekwa. Mama anasimama mlangoni na kitambaa chake cha jikoni, anangoja tumalize. Hata mgeni akiwapo, tulihesabu.

Mama alifariki, na tangu siku hiyo Baba hakuigusa ile kaseti. Sikumuuliza. Nikanunua gitaa la mtumba, la nyuzi za chuma, nikaapa kwamba kisomo cha mwaka wa Mama kikishapita na watu wakaondoka, nitakaa barazani nimpigie mwenyewe.

Sasa hii huduma. Jina lao silitaji, lakini mkitafuta mafunzo ya gitaa ya kulipia kwa mwezi mtakutana nao tu, matangazo yao yamejaa kila mahali. Nililipa karibu shilingi 25,000, ukiacha bando, na bando ndilo lililoniumiza zaidi maana video zao haziwezi kupakuliwa. Wimbo huu wameupa masomo manane. Kwenye tangazo wameandika kwamba utafundishwa wimbo "mzima". Shikeni neno hilo, mzima.

Niseme kweli kabla hasira haijanizidi: somo la kwanza mpaka la tano ni mazuri. Mazuri mno. Mwalimu ni mtu mzima, mtaratibu, hapayuki. Alinionyesha kitu ambacho nimekisikia maisha yangu yote bila kukielewa, ile kona wimbo unapotoka kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya E maina, unapita G, unarudi nyumbani A maina. Kumbe ni hatua tatu za mguu. Uzi wa sita ukiuacha wazi ni E. Ukandamize kituo cha tatu cha shingo ya gitaa, ni G. Halafu uzi wa tano mtupu, hiyo ni A, umefika. Nilipopiga hatua zile tatu kwa mara ya kwanza usiku, chumbani, mlango umefungwa, nilisikia kabisa harufu ya chai ya Mama. Sitanii.

Na somo la nne, mkono wa kulia. Mwalimu anasema mkono usisimame hata pale usipogusa nyuzi, uendelee kushuka na kupanda hewani kama mtu anayepepeta mchele. Hapo mchele nimeongeza mimi, lakini ndivyo nilivyomwelewa, na ndipo mkono wangu ulipolegea baada ya wiki tatu za kukakamaa kama wa askari kwenye gwaride. Kwa somo hilo peke yake ningewapa nyota tano bila kufikiri.

Kisha somo la sita.

Somo la sita lina dakika tano na ushee. Mwalimu anamaliza ubeti wa pili, anafika pale pale, mlango wenyewe wa wimbo, anatabasamu, anasema: hapa hakuna gitaa, kwa hiyo tunaruka, twende moja kwa moja ubeti wa tatu. Na video inaruka kweli. Hata ile ngoma wanayoweka nyuma ili mwanafunzi afuatishe imekatwa na kuungwa, ubeti wa pili unashikana na wa tatu kama nguo iliyoshonwa na fundi mwenye haraka. Nami, mwanafunzi mtiifu, nikafanya mazoezi hivyohivyo. Mwezi na zaidi. Vidole vikazoea kuruka.

Siku ya siku ikafika. Wageni wameondoka, vyombo vimeoshwa, Baba yuko kwenye kiti chake. Nikasema, Baba, nina kitu chako. Nikapiga. Ubeti wa kwanza akafumba macho. Wa pili, nikaona anaweka kikombe chini. Akanyanyua mikono yote miwili, vidole vimekunjwa tayari kuhesabu.

Nikaruka.

Nikaingia ubeti wa tatu kama nilivyofundishwa. Mikono ya Baba ikabaki hewani. Hakusema neno. Akaishusha polepole magotini, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, mwanangu." Bora angenigombeza.

Usiku uleule nikawaandikia huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu, na ujumbe bado ninao. Nikaeleza kwamba sehemu ya mara 26 haimo, nikaomba waiongeze, au angalau waonyeshe mpigaji afanye nini na mikono yake wakati ule, namna ya kutoka na namna ya kurudi bila kupotea. Baada ya siku mbili tatu likaja jibu. Sehemu hiyo haina kodi za gitaa, na kama nataka kujifunza kuimba, wana kozi nyingine ya uimbaji, bei yake hii hapa. Hakuna pole. Hakuna hata "tumekusikia". Bei.

Nikaandika tena, safari hii bila adabu ile. Nikawaambia kwamba Withers mwenyewe alipokuwa anarekodi alikusudia kujaza maneno hapo, akaambiwa aache. Waliomwambia ni wapigaji wakongwe waliokuwa studio, Booker T. Jones, aliyekuwa prodyuza, akiwa mmoja wao. Huyo Withers alikuwa bado mfanyakazi wa kiwandani, anatengeneza viti vya choo vya ndege, hajawahi kutoa albamu, akawasikiliza waliomtangulia. Yaani wenye vyombo ndio walioona vyombo vikae kimya. Kimya kile kimepigwa, kama kodi zilivyopigwa. Mwaka 1971 watu wazima walikaa wakakiamua, leo mtu anakikata kwa mkasi ili somo lisirefuke? Sikujibiwa. Niliomba hela yangu, sikujibiwa pia.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyewahi kupiga gitaa bendi za jazi enzi zile. Morogoro ni mji wa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, wazee wa namna hii hawajatuishia, ila sisi tumezoea kutafuta kila kitu kwenye simu. Nikaenda na gitaa langu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Piga nisikie."

Nikapiga. Nilipofika pale akanyanyua mkono. "Mbona umekata?"

"Wamesema hapo hakuna gitaa, mzee."

"Gitaa hakuna. Mpigaji je, kaenda wapi?"

Akalichukua gitaa. Akanionyesha: hatua ya mwisho ikishalia, kiganja cha kulia kinalala juu ya nyuzi, kinaziua zote kwa pamoja, hakuna uzi unaobaki ukilia peke yake. Vidole vya kushoto havitoki, vinakaa kwenye umbo la A maina bila kukandamiza, vinangoja. Mguu hausimami. Kichwa hakisimami. Unaimba na mguu unakuhesabia, na ukirudi unarudi juu ya mguu wako, humtafuti mpiga ngoma. Dakika kumi, bure, na chai juu yake. Akaniambia mwanafunzi hujulikana penye kupiga, fundi hujulikana penye kunyamaza. Sijui kama ni msemo wake au wa bendi yao, lakini nimeuandika kwenye mkoba wa gitaa.

Sasa hapa ndipo roho yangu inapovutana. Bila yule mwalimu wa mtandaoni nisingekuwa na cha kumpigia mzee. Kodi amenifundisha yeye, mkono wa kulia amenilegeza yeye. Na usiku ninaoweza kufanya mazoezi mimi, saa tano, saa sita, hakuna mzee wa kumgongea mlango. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama wanafaa, nasema wanafaa, kwa anayeanza wanafaa sana. Nilishaanza hata kuwatetea kwa rafiki yangu mmoja.

Baba nilimpigia tena. Sikungoja sherehe. Ilikuwa jioni ya kawaida, umeme umekatika, yuko barazani. Kabla ya kuanza nikamwonyesha kwenye simu jalada la ile albamu ya kwanza, Just As I Am, ambalo Withers kapigwa picha kwenye kiwanda alichokuwa akifanya kazi, kisanduku cha chakula mkononi. Baba alikuwa hajawahi kuiona. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe naye alikuwa anabeba chakula." Nikapiga. Nikalaza kiganja. Mguu ukaendelea. Nikaimba, Baba akahesabu, na sauti yake ikaanza kutoka kwenye kumi na moja hivi, ikafika ishirini na sita pamoja nami. Nikarudi na A maina mahali pake. Akatazama mlangoni, pale alipokuwa anasimama Mama, kisha akachukua kikombe chake.

Baada ya jioni hiyo nilikuwa nimeandika nyota tatu. Hata nne nilifikiria, kwa ajili ya somo la nne. Lakini leo, kabla ya kutuma maoni haya, nimetumia bando langu kufungua tena somo la sita nione kama wamerekebisha chochote baada ya barua zangu mbili. Bado anatabasamu vilevile. Bado anasema tunaruka. Na chini ya video sasa wameweka kitufe cha kununua ile kozi ya uimbaji.

Nyota moja.