TAHADHARI: anayeuza "meno ya megalodoni" hapa Tanga, usitume hela kabla hujasoma hii

Wadau wa Tanga, Muheza, Pangani na nyie wa Bagamoyo mnaopenda vitu vya kale, naombeni msome hadi mwisho maana huyu mtu bado anauza na juzi tu kuna kijana nimemfundisha mwenyewe kaniambia ameshaombwa advansi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Taya za papa nazichukua kwa wavuvi pale Deep Sea miaka mingi sasa, nazichemsha nasafisha naenda nazo darasani. Papa mwili wake hauna mifupa migumu kama yetu, ni gegedu, akifa vinaoza karibu vyote yanabaki meno, na meno anayaangusha kwa maelfu maishani mwake. Kwahiyo siku zote nilitamani nipate jino moja tu la megalodoni, yule papa mkubwa aliyetoweka kama miaka milioni 3.6 iliyopita, watoto walishike kwa mikono yao sio kila mwaka nawachorea ubaoni.

Jamaa nikampata kwa simu. Katuma picha nzuri sana, jino sentimita 13 limelazwa juu ya mkeka, anasema limetoka South Carolina kule Marekani ambako wazamiaji wanayatoa chini ya mito yenye maji meusi. Akautaja hadi Cooper River. Na mto huo kweli upo na meno kweli yanatoka huko, hapo ndipo aliponishika, nikaona huyu anajua anachokiongea. Bei 380,000. Nikamwambia nakupa nusu, ukileta namalizia, akajibu "ticha kuna mtu wa Arusha ananisubiri, wewe ukisita basi". Nikatuma yote. Hela ya miezi kadhaa ya tuisheni.

Boda kaleta kwenye boksi la viatu limejazwa pamba. Nilivyolishika tu moyo ukashtuka, jepesi. Kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale, kimeshageuka jiwe jamani, jino la ukubwa ule linalemea kiganja na lina ubaridi wa jiwe, hili lilikuwa kama kitana. Lakini ukishatoa hela unajitetea mwenyewe kichwani, nikalipeleka darasani hivyohivyo, nikawapa na lensi. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaligeuza akatulia nalo upande wa mzizi, akasema "Mwalimu, mbona huku kuna vitundu kama mkate wa kumimina?"

Nikaangalia. Viputo. Vya duara kabisa, vidogodogo, vimejipanga pale mzizi unapokutana na enameli. Mzizi wa jino la kweli una vinyweleo kama mfupa, haviwi duara safi vile, duara ile ni ya hewa iliyonaswa kwenye kitu kilichomiminwa kikiwa uji. Jioni nikachoma sindano kwenye moto nikaigusisha kwa chini, ikazama na harufu ya plastiki ikajaa chumba kizima. Kwenye jiwe sindano haizami. Nikapaka asetoni ile ya kufutia rangi ya kucha, pamba ikatoka ya kahawia.

Nikampigia. Eti hiyo ni dawa ya kulihifadhi. Ni kweli kuna meno halisi yanapakwa gundi yasimeguke, lakini gundi inakaa juu, haiwezi kufanya jino liwe plastiki hadi ndani. Nilivyomwambia hivyo akakata, na hadi leo kanibloku.

Sasa sikilizeni hii ndio iliyonifanya niandike. Mwalimu mwenzangu wa Muheza naye ana jino, kauziwa 300,000, ila yeye kaambiwa limechimbwa Mapango ya Amboni, na jamaa akamchanganya na habari za silikanti, yule samaki wa kale ambaye bado yupo hai, kwamba Tanga ndio kwenye samaki wa kale hata hifadhi ya bahari ilianzishwa 2009 kwa ajili yake, kwahiyo jino la papa wa kale lisikushangaze. Silikanti wapo kweli lakini hilo halihusiani kabisa na jino lake. Mawe ya chokaa ya Amboni ni ya kama miaka milioni 150, megalodoni ameanza kuonekana kama milioni 23 iliyopita, ataingiaje ndani ya jiwe lililomtangulia hivyo? Na lingekuwa la kweli ndio balaa zaidi, visukuku vya nchi hii vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, huwezi kujichimbia tu ukauza mtaani bila kibali.

Tukayaweka mawili mezani. Lake limepakwa kijivu, langu kahawia. Lakini yote mawili yana pengo la umbo la V upande wa kushoto wa mzizi, na ufa mmoja unaopanda kutoka pale hadi karibu na ncha, unakata kona palepale. Papa hawezi kuacha meno mawili yenye ufa mmoja. Ni kalibu moja hiyo, ataendelea kumimina tu.

Nakala yenyewe haina ubaya, ningeambiwa ni nakala ningenunua kwa 20,000 nikafundishia kwa furaha. Shida ni kuuziwa kama halisi. Kwahiyo kama unataka jino, lishike kwanza ndio ulipe, mwombe akupigie picha ya mzizi kwa karibu kwenye mwanga wa jua, na muulize limetoka wapi leo halafu muulize tena wiki ijayo. Mwenye mali ya kweli haogopi sindano.

Namba anabadilisha, jina anabadilisha, kwahiyo msishike jina. Shikeni lile pengo la V upande wa kushoto na ufa wake. Aliyeuziwa naye anitumie picha ya mzizi, tuko wawili mpaka sasa na tunataka kwenda polisi pamoja tukiwa wengi.