LNG, methanoli na amonia: maoni ya fundi wa injini aliyezoea mafuta mazito

Nimekaa injini rumu za meli miaka 19, mingi yake kwenye mafuta mazito. Kwa asiyeyajua: ni meusi, na yakipoa ni lami tu. Tangini unayapasha hadi kama nyuzi 50 ndipo pampu iyavute, kwenye mashine ya kusafishia yafike 98, na kabla ya kuingia silinda yawe 130 na zaidi. Mama watoto hapa Likoni ameninunulia beseni langu peke yangu, maana ovaroli yangu haikaribii nguo za watoto.

Vijana wa chuo huniuliza mbadala upi wa mafuta haya ni bora. Haya ni yangu.

LNG ni gesi asilia iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kama maji. Meli ya kwanza ya gesi niliyopanda nilistaajabu: masizi hakuna, na oili ya injini inakaa muda bila kuwa nyeusi. Shughuli iko kwenye kujaza. Tuko Singapore, jua la saa saba mchana, na bomba limevaa barafu nyeupe. Ubavuni maji yanamwagwa mfululizo, kwa sababu gesi ile ikimwagikia chuma cha meli, chuma hupasuka kama gae. Kinachonikera zaidi hakionekani. Methani, ndiyo gesi asilia yenyewe kwa sehemu kubwa, isipoungua hutoroka na moshi, nayo kwa miaka 20 huipasha dunia zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi. Ikitoroka ya kutosha, usafi wote umekwenda na maji.

Methanoli, aina ya alkoholi isiyonyweka, ndiyo iliyoniteka. Inakaa tangini bila kupozwa wala kupashwa. Feri ya Stena Germanica, ya Gothenburg na Kiel, iliianza 2015. Meli ya makontena ya Laura Maersk ikafuata 2023. Lakini inakula nafasi: kwa kilo ina nusu tu ya nguvu ya mafuta mazito, hivyo tangi linataka ujazo wa mara mbili na nusu hivi. Na moto wake mchana huuoni. Mafunzoni mwalimu aliwasha sinia la methanoli juani, sisi tukaona hewa inacheza tu. Akatupia karatasi, ikageuka nyeusi mbele ya macho yetu. Sumu yake Wakenya hatuhitaji kuhadithiwa: ndiyo iliyokuwa ndani ya kumi kumi, pombe haramu, ya Nairobi mwaka 2000, wakafa zaidi ya watu 100 na wengine wakapofuka. Kijana akishika bomba bila glavu, namtoa nje.

Ila usidanganywe na jina la mafuta safi. Methanoli nyingi sokoni hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe, kwa hiyo uchafu umebaki kiwandani tu. Muulize muuzaji imetokana na nini.

Amonia haina kaboni hata chembe, ndiyo maana watu wa ofisini wanaipenda. Baharini sijafanya nayo kazi. Lakini aliyewahi kuwa karibu na kiwanda cha barafu, ambako hutumika kupozea, siku bomba limevuja anaijua: macho yanawaka kabla hujajua ukimbilie wapi. Hewani ikifika sehemu 300 kwa milioni, maisha yako hatarini, na injini rumu ina ngazi ndefu na mlango mzito. Wakinipangia meli hiyo, swali langu la kwanza kwa chifu, yaani mhandisi mkuu wa meli, litakuwa barakoa zinatundikwa wapi.