Jupiter-8 ya baba mkubwa kwenye Fujifilm X-E2: uzoefu wangu wa miezi minane

Lenzi yenyewe ni Jupiter-8, milimita 50, f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni pana). Namba yake inaanza na 67, na kwa lenzi za kiwanda cha Krasnogorsk tarakimu mbili za mwanzo kwa kawaida ndizo mwaka wa kutengenezwa. Baba mkubwa alirudi nayo kutoka masomoni Moscow, ikiwa imefungwa kwenye kamera ya Zorki-4. Kamera imeshakufa: pazia la shata limekauka na kutoboka, na hata lingekuwa zima, filamu ningelazimika kuiagiza kutoka mbali. Lenzi bado inazunguka vizuri. Kwa miezi minane sasa naifunga kwenye Fujifilm X-E2, kamera ya dijitali niliyoinunua mtumba, na nimeshapiga nayo picha za kutosha kujua inafaa wapi na inashindwa wapi.

Kwa ambaye hajawahi kuzishika: Zorki ni renjifainda. Unachungulia kwenye kidirisha, unaona taswira mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka zilaliane. Ndani hakuna kioo kinachopanda na kushuka, kwa hiyo lenzi hukaa karibu sana na filamu, milimita 28.8 kutoka kitako chake, yaani pale inapofungwa kwenye kamera. Lenzi za kamera za kioo, kama zile za skrubu ya aina ya M42, zinahitaji zaidi ya milimita 45. Fujifilm za X, ambazo nazo hazina kioo, zinahitaji 17.7 tu. Ukitoa, zinabaki milimita 11.1, na huo ndio unene wa adapta nzima, kiungo cha lenzi na kamera. Ni pete ya chuma tu, ndani tupu, haina kioo cha lenzi wala waya. Ndiyo maana mzigo unabaki mdogo na unaingia kwenye mfuko wa koti. Ile ya M42 hudai bomba refu, na kamera ikawa inalalia mbele.

Adapta ya kwanza niliiagiza mtandaoni kwa bei ya chini kuliko zote nilizoziona. Hela ile ilipotea. Ilikuwa nene kupita kiasi, na adapta ikizidi hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, lenzi haifiki mbali. Nilikwenda ufukweni Raskazone, hapa Tanga, asubuhi, nikaelekeza kwenye miti ya kisiwa cha Toten, nikazungusha mpaka mwisho kwenye alama ile ya nane iliyolala, ya mbali kabisa. Miti ikabaki imefifia, na meli iliyotia nanga nayo vivyo hivyo. Kitu cha mbali kabisa kilichotoka safi kilikuwa ngalawa iliyokuwa kama mita 20 kutoka nilipo. Adapta ya pili ilinigharimu shilingi 55,000. Hii ni nyembamba kidogo kuliko inavyotakiwa, inapita kidogo ile alama ya mbali, na hilo halina madhara kwa sababu fokasi naiona mwenyewe kwenye skrini. Kwa hiyo siku adapta inapofika, tafuta mnara wa simu au kilima ujaribu kabla muda wa kurudisha mzigo haujakwisha. Itikise pia. Ikilegea kwenye kitako cha kamera, fokasi italegea nayo.

Kamera haitambui kwamba kuna lenzi, hivyo mwanzoni itakataa kupiga. Kwenye menyu kuna kipengele kinachoruhusu kupiga picha bila lenzi. Kiwashe, na hapo ndipo wengi hukwama wakadhani adapta ni mbovu. Gurudumu la shata liache kwenye A, kamera ikupimie mwanga. Tundu la lenzi unalibana mwenyewe kwa pete ambayo kwenye Jupiter-8 haina vituo, inateleza kimya kutoka f/2 hadi f/22. Kwa fokasi nimewasha alama zinazong'aa kwenye kingo za kitu kilichokaa sawa, kisha nalikuza jicho la ninayempiga kabla sijabonyeza. Ukiwa f/2, alama peke yake hazitoshi. Mtu akiwa mita moja mbele yako, kina cha kinachoonekana safi ni kama sentimita 3, na alama huwaka kwenye nyusi na kwenye jicho kwa pamoja.

Jambo moja lilinifurahisha nilipolielewa. Wanaozifunga lenzi hizi za Kisovieti kwenye kamera za Leica za zamani, ambazo nazo ni renjifainda, hulalamika kwamba kwa karibu fokasi hukosa, kwa sababu kipimo cha lenzi na kipimo cha kidirisha havilingani sawasawa. Kwangu tatizo hilo halipo. Ninachokiona ndicho sensa, kile kipande kinachopokea picha badala ya filamu, inachokiona, na ninaangalia nikiwa nimeshabana tundu kwa kiasi ninachotaka kupigia.

Sasa picha. Mpangilio wa vioo vyake ni wa Sonnar, kazi ya Ludwig Bertele aliyebuni lenzi za kampuni ya Kijerumani ya Zeiss miaka ya 1930. Baada ya vita Wasovieti walichukua mashine na ujuzi kutoka Jena, kwenye kiwanda cha Zeiss, na Sonnar ya 50 ikaendelea kuishi kwa jina la Jupiter. Vioo ni 6, vimegandishwa katika mafungu 3, hivyo nyuso zinazokutana na hewa ni 6 tu, na enzi zile ambapo vioo havikuwa na rangi za kuzuia mng'ao kama za leo hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwenye f/2 katikati pana makali ya kutosha lakini pamefunikwa na ulaini mwembamba, kama umepuliza pumzi kwenye kioo ikakaribia kukauka. Nyuma ya mtu mambo yanayeyuka bila fujo. Ukibana hadi f/4 ulaini unaondoka, kwenye f/5.6 ninasoma maandishi ya kanga iliyoanikwa ng'ambo ya barabara.

Ninachokipenda zaidi ni ngozi. Lenzi mpya ya Fujifilm niliyo nayo huikamata ngozi yetu nyeusi kwa ukali, mng'ao wa paji la uso unapasuka kuwa mweupe na kivuli cha shingo kinazama. Jupiter haina ukali huo wa mwanga na kiza. Kivuli kinabaki na habari ndani yake, na mng'ao unatua taratibu. Najua wapo wanaouita huo udhaifu, na kwenye vipimo vya maabara ni udhaifu kweli. Mimi kwa picha za watu naitafuta hiyo lenzi kwanza.

Sensa ya X-E2 ni ndogo kuliko filamu ya Zorki, hivyo milimita 50 zinaona kama 75 zingeona kwenye filamu. Ni nzuri kwa uso na mabega. Kwa sebule za nyumba zetu za Ngamiani ni ndefu mno, utaishia umeegemea ukuta.

Nilimpiga baba mkubwa barazani, jioni, akiwa na kikombe cha kahawa. Nilichukua muda kuweka fokasi, akawa ananitazama tu. "Zungusha kwa kidole kimoja, mwanangu," akaniambia, "ukikaba kwa mkono mzima unapitiliza." Alikuwa sahihi. Miaka zaidi ya arobaini hakuigusa na kidole chake bado kinakumbuka.

Kasoro kubwa ni kwamba lenzi haisogei karibu zaidi ya mita moja. Mkono unaoshona, mtoto aliyelala, sahani ya chakula, vyote viko nje ya uwezo wake. Dawa ipo: unafunga pete ya milimita moja inayoigeuza skrubu ya lenzi kuwa kitako cha kamera za Leica M, kisha adapta ya M inayorefuka kwa kuzungushwa. Niliipata kwa 140,000, pete ikiwa juu yake, na sasa ndiyo inayokaa kwenye kamera siku zote. Kama ningeanza upya ningeinunua hiyo moja kwa moja.

Kwenye harusi naiacha nyumbani, isipokuwa kwa dakika za bibi harusi akiwa ameketi. Watoto wanaokimbia huwezi. Na jua la saa saba mchana ukiwa f/2 linahitaji shata ya kama 1/13000 ya sekunde, wakati shata ya kawaida ya X-E2 inaishia 1/4000. Programu ya kamera ikisasishwa unapata shata ya kielektroniki inayofika 1/32000, lakini bodaboda ikipita mbele magurudumu yanatoka yamepinda, na chini ya taa za ukumbini inachora mistari. Piga kwa tundu dogo au subiri alasiri. Jua likiingia lenzi uso kwa uso picha nzima inakuwa maziwa. Kofia ya kukinga jua, ya milimita 40.5, inasaidia.

Na sisi wa pwani tuna adui wetu. Nilipoikagua kwa tochi mara ya kwanza nilikuta ukungu pembeni mwa kioo cha nyuma, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Fundi aliusafisha, pakabaki kidoa ambapo umeshaila rangi ya kioo. Kwenye picha hakionekani, ila jua likiwa mbele naona umaziwa umezidi. Sasa inalala kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu ambavyo navikausha juu ya jiko kila baada ya wiki chache, na kila wiki naitoa ipate mwanga. Kabatini giza na mfuko wa ngozi ndivyo vilivyoiponza.

Ukitaka milimita 35 ya familia hiyo, Jupiter-12, pima kwanza: kioo chake cha nyuma kimechomoza sana na kwenye baadhi ya kamera hakiingii bila kugusa ndani. Tena lenzi pana zilizokaa karibu na sensa hivyo mara nyingi hutoa pembe zilizosuguka na zenye rangi ya zambarau. Kwa anayeanza, 50 inatosha. Yangu naifungua kila Idd, naisafisha na kuirudisha kwenye ile Zorki ikae rafuni mpaka wageni waondoke, kwa sababu baba mkubwa ameomba hivyo.