Siku ya Uvivu Paje: Jikoni kwa Hosteli au kwa Mama Ntilie?

Msafiri wa mkoba mgongoni aliyeamua kutofanya lolote siku nzima huko Paje, Zanzibar, hubakiwa na swali moja: ale hosteli alipolala, au atembee hadi kwa mama ntilie kijijini? Kwa bei, mama ntilie hana mpinzani, kwani sahani yake ya wali wa nazi, samaki wa kukaanga na mchicha ni nafuu mno kuliko ya hosteli. Kwa ladha pia ninamwegemea yeye: nazi imekunwa kwa mbuzi asubuhi hiyohiyo, na ukoko, ukiuomba kwa adabu, huongezwa bure. Tatizo ni uhakika. Chungu kikiisha kimeisha, na anayeamka saa nane mchana hukuta masufuria yakisuguliwa. Hapo hosteli hushinda, hasa wakati wa Ramadhani, ambapo migahawa mingi ya kijijini hufungwa hadi futari. Mwenye siku moja tu na tumbo linaloshtuka upesi abaki hosteli; anayekaa wiki nzima huku akihesabu shilingi, ajikaze kuamka kabla ya adhuhuri.