Kizibao, hudi au sweta? Uzoefu wangu wa kuwavisha watembezaji mbwa wakati wa baridi Nairobi

Ukienda kuchukua mbwa Lavington au Karen saa kumi na mbili asubuhi, anayekukagua kwanza ni soja wa getini, na anachotazama ni mavazi. Kijana mwenye nembo kifuani anaandikwa kitabuni anaingia. Mwenye sweta la kawaida na kamba tatu mkononi anahojiwa hadi mwenye nyumba apigiwe simu, na mwenye nyumba bado amelala. Hapo ndipo nilipoamua biashara yangu ndogo ya kutembeza mbwa iwe na mavazi yake. Yawe ya aina gani, baridi ya Juni hadi Agosti ndiyo iliyoamua.

Baridi yetu ina ujanja wake. Jiji liko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 11. Mawingu yanaweza kukaa hadi adhuhuri, na manyunyu yanakuja bila hodi. Lakini mtu anayevutwa na Rottweiler kupanda mlima hasikii baridi kwa muda mrefu. Jaketi zito lililojazwa ndani huvuliwa kabla ya kona ya pili, linafungwa kiunoni, na ile nembo uliyoilipia inakunjwa isionekane na mtu.

Nilikwenda kwenye duka moja la kuprinti katikati ya jiji, upande wa River Road, nikaomba sampuli moja ya kila aina kabla ya kulipa rubuni. Walikubali bila maneno mengi, na kwa hilo tu ninawapa alama nzuri.

Hudi ya pamba ndiyo waliyoisifu zaidi, nami ndiyo niliyoikataa mapema. Pamba hunywa maji. Umande wa nyasi na manyunyu vikiingia, Julai haitakauka kwenye kamba siku hiyo hiyo. Kuna mbwa wanaombwekea mtu aliyejifunika kofia ya hudi hata kama jana walimlamba mikono. Na zile nyuzi za kukazia kofia, mbele ya mtoto wa Labrador, ni chakula.

Sweta la kufumwa, lile la aina ya shule, ni rahisi na lina joto la kweli. Tatizo ni kucha. Mbwa akikurukia mara moja kwa furaha, uzi umevutika, na kesho kuna tundu. Tena ukichagua la bluu nzito unafanana kabisa na soja, ukaulizwa zamu yako inaanza saa ngapi.

Flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, ni nyepesi na hukauka upesi, ila hukusanya nywele za mbwa kama sumaku. Jioni moja na Husky, na huwezi kujua rangi yake ilikuwa gani.

Nilichonunua ni softisheli: nje kitambaa laini kinachozuia upepo na manyunyu mepesi, ndani utando mwembamba wa flisi. Nywele unazipangusa kwa kiganja chenye maji, zinaondoka. Na sikuchukua majaketi ya mikono kwa kila mtu. Wengi niliwapa vizibao. Kifua na mgongo vinabaki na joto, mikono iko huru kushika kamba, maana kwenye msitu wa Karura mbwa lazima awe kwenye kamba na safari nzima ni kuvutana. Jaketi kamili lilinigharimu takriban Sh2,500, kizibao kikawa chini ya hapo.

Rangi ilitupigisha gumzo refu. Nyeupe haiishi kwenye udongo mwekundu wa Karen. Nyeusi inatangaza kila unywele wa Golden Retriever. Mmoja wa vijana wangu alitaka madoadoa ya kijani ya kijeshi, nikamwambia raia akivaa hayo Kenya atajieleza kituoni. Tukaishia kijivu, ambacho huficha nywele nyeusi na nyeupe kwa kiasi, pamoja na mistari ya kuakisi mwanga mabegani. Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na madereva wa alfajiri hawana subira.

Kwenye nembo ndiko nilikojifunza mengi. Kifuani tulidarizi, kwa sababu uzi hauchubuki mbwa akikwaruza. Nilitaka namba ya simu ikae chini ya nembo. Fundi wa mashine akatikisa kichwa: "Dada, herufi ndogo hivyo nyuzi zitazifunika. Hakuna atakayezisoma. Peleka mgongoni." Namba ikaenda mgongoni, kubwa, kwa kubandikwa kwa joto, na sasa hata aliye ndani ya matatu anaisoma. Ujue tu kwamba kudarizi hutoboa kitambaa, na maji hupita kwenye matundu ya sindano. Kwa koti la mvua kamili, bandika, usidarizi. Na ukiwa na kitambaa cha poliesta chenye rangi kali, uliza kuhusu wino wa kuzuia rangi ya kitambaa kupanda kwenye maandishi, la sivyo maandishi meupe juu ya nyekundu yatageuka waridi.

Malalamiko ninayo. Mzigo ulichelewa kupita siku tuliyoahidiana, simu zikajibiwa kwa "iko njiani", na baadhi ya zipu zilikwama wiki ya kwanza. Walizibadilisha bila malipo, lakini usafiri ulikuwa wangu. Mifuko pia ningeiomba iwe mirefu zaidi: biskuti za mbwa upande mmoja, mifuko ya karatasi ya kuzolea kinyesi upande wa pili, kwa kuwa ile ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 2017.

Kama mtaji bado ni mdogo, pita soko la Toi au Gikomba. Vizibao vya mtumba vya hali ya juu vipo. Hutapata viwili vinavyofanana, na vingine vina nembo ya kampuni ya ng'ambo. Darizi nembo yako kwenye kiraka, ukishone juu ya ile ya zamani. Wateja hawataona.

Ufuaji: sabuni ya kawaida, maji ya baridi, na usitie kabisa ile dawa ya kulainisha nguo, maana inaua uwezo wa kitambaa kuzuia maji. Pasi isiguse maandishi ya mgongoni.

Agizo lijalo ni la boshori zenye nembo. Wateja wawili wa Kileleshwa wameshauliza bei, wanataka kuzivaa wenyewe.