Riwaya ya Kesi ya Kapenguria Imetoka: Nunua au Ngoja?

Karibuni tena jamani! Kimefika, hiki hapa mkononi. Kitabu cha kwanza kabisa cha mwandishi wake, riwaya ya taharuki ya mahakamani, na kesi yenyewe ni ya Kapenguria.

Historia mnaijua. Gavana wa kikoloni wa Kenya, Baring, anatangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba wanakamatwa na kushtakiwa kule Kapenguria, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kwamba wanaongoza Mau Mau, vuguvugu la kupinga ukoloni. Hukumu inatoka Aprili 1953: miaka saba jela na kazi ngumu. Sasa swali langu kabla sijafungua lilikuwa hili: mwisho tunaujua sote, taharuki itatoka wapi?

Itatoka hapa. Ngoja nisogeze kamera. Hii ni sura ya Rawson Macharia, yule shahidi mkuu aliyesema alimwona Kenyatta akiapisha watu kiapo cha Mau Mau. Pritt, wakili aliyetoka Uingereza kumtetea Kenyatta, anasimama kumhoji. Mwandishi mwingine angempa Pritt hotuba ya kurasa kumi. Huyu anatuketisha na karani kijana wa mawakili wa utetezi, mhusika wa kubuni, ambaye kutoka alipoketi anaona miguu ya shahidi tu.

Angalieni ukurasa. Swali, mstari mmoja. Jibu, mstari mmoja. Halafu hii nafasi nyeupe, mnaiona? Jibu likichelewa, nafasi inapanuka. Hapa ni vidole viwili. Nafungua upande wa pili... nusu ukurasa mtupu! Na chini kabisa, karani anaona kiatu cha shahidi kimeanza kugongagonga sakafu. Basi. Haambiwi mtu kwamba huyu anadanganya. Nilishika pumzi, nawaambia ukweli, na jibu nilikuwa nalijua!

Zile riwaya za Marekani tulizozizoea zinategemea jopo la raia wanaoamua kesi: wakili analia mbele yao, anawageuza mioyo. Kapenguria hapakuwa na jopo. Palikuwa na Thacker peke yake, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kama hakimu na kulipwa pauni 20,000. Wakili atamlilia nani hapo? Kwa hiyo mwandishi anajenga hofu kwa vitu vidogo: ile safari ya kila siku ya mawakili kutoka Kitale, au Louis Leakey, yule mwanaakiolojia, akiwa mkalimani wa mahakama mpaka utetezi unapomkataa na anaondoka. Sura ya Leakey ningetamani iwe ndefu mara mbili.

Watazamaji wangu wa Tanzania, humu mtamkuta Dudley Thompson, mmoja wa mawakili wa utetezi, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Tanganyika. Anaonekana kidogo mno, na hilo limeniudhi.

Lingine lililoniudhi ni maandishi. Madogo! Ukisomea kwenye matatu utaumwa macho. Ramani hakuna, na hadithi nzima inazunguka barabara moja. Bei ni shilingi 1,500, ghali kwa jalada jepesi. Wachapishaji wetu wakitaka vijana wasome, waanzie hapo kwenye bei.

Lakini sura za mwisho! Zinaruka hadi 1958, Macharia anapoandika hati ya kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza. Badala ya kesi kufunguliwa upya, anashtakiwa yeye, eti kiapo hiki ndicho cha uongo, na anafungwa. Mwandishi hakuongeza chumvi hata chembe, na hapo ndipo nilipokasirika kuliko popote.

Nunueni. Anayebana matumizi, changieni watatu mpokezane. Ijumaa niko mubashara na mwandishi hapahapa kwenye chaneli, kwa hiyo jisajili, gonga kengele, na uandike swali lako hapo chini. La kwanza ni langu: zile nafasi nyeupe alizipima vipi?